Weka sitini: kwa nini ratiba haifanani na saiti, na kosa linakojificha

Jumatano jioni, ofisi ya mabati kwenye saiti moja Embakasi. Msimamizi ameingia na vumbi la saruji mpaka kwenye kope.

"Plasta imefika wapi, mzee?"

"Inaelekea kuisha, injinia. Weka sitini."

Nikaweka asilimia sitini kwenye ratiba. Jumatatu iliyofuata mafundi wa rangi wakafika, kwa sababu ratiba ilisema plasta ingekwisha Ijumaa. Walikaa juu ya ndoo zao wakitazama ukuta mbichi hadi saa sita mchana, na malipo yao ya siku yakahesabiwa vilevile. Nilimlaumu msimamizi, kisha nikailaumu programu ya kompyuta ya kupangia ratiba. Baadaye nikagundua kosa lilikuwa langu: nilijibu swali ambalo programu haikuwa imeuliza, na yale iliyohitaji kujua nikaiachia ikisie.

Haya ninayoyaandika yanahusu zaidi Microsoft Project, kwa kuwa ndiyo niliyoikuta kwenye ofisi nyingi hapa Nairobi. Primavera P6, programu nyingine ya ratiba, nitaigusa pale inapotofautiana. Wanaotumia ProjectLibre, ile ya bure, watatambua mengi. Majina ya safu nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye kioo, ili usihangaike kuyatafuta.

Umeingiza asilimia, lakini tarehe ya kumaliza haikusonga

Hili ndilo lililowaleta wale mafundi wa rangi, na ndilo ninaloitiwa mara nyingi kuliko mengine yote. Tulifuate kwa tarehe zake. Tuchukue wiki ya siku tano za kazi, Jumamosi nitaifikia.

Plasta ilipangiwa siku 10, kuanzia Jumatatu 1 Septemba 2025 hadi Ijumaa tarehe 12. Mchanga ulichelewa, kwa hiyo kazi ikaanza Alhamisi tarehe 4. Jumatano tarehe 10 jioni nikaandika 60 kwenye safu ya "% Complete". Programu ikafanya nini? Haikuwa imeambiwa kazi ilianza lini, basi ikachukua tarehe ya mpango na kuandika 1 Septemba kwenye "Actual Start". Ikahesabu asilimia 60 ya siku 10, ikapata siku 6, ikazipanga kuanzia tarehe 1 hadi tarehe 8. Siku 4 zilizobaki ikazilaza tarehe 9, 10, 11 na 12. Mwisho ukabaki palepale. Tazama pia kwamba tarehe 9 na 10 zilikuwa zimeshapita, na bado programu ilikuwa na kazi ya kufanywa ndani yake.

Haikudanganya mtu. Kila pengo uliloliacha ililijaza kwa mpango wa zamani, na mpango wa zamani haujui habari za mchanga.

Dawa ni kuiacha safu ya asilimia kabisa na kuandika mambo matatu kwa utaratibu huu. Kwanza, tarehe halisi ya kuanza: 4 Septemba kwenye "Actual Start". Pili, siku zilizokwisha kufanyiwa kazi kwenye "Actual Duration": tarehe 4, 5, 8, 9 na 10, yaani siku 5. Tatu, siku zilizobaki kwenye "Remaining Duration", na hizi usizikokotoe wewe, muulize msimamizi. Nilipomuuliza yule mzee siku zilizobaki, alihesabu kuta kwa vidole akasema sita.

Tano na sita ni kumi na moja. Programu ikaurefusha muda hadi siku 11, ikasogeza mwisho hadi Alhamisi 18 Septemba, na asilimia ikajiandika yenyewe: 45. Mtu yuleyule aliyesema sitini ndiye aliyenipa siku sita. Sitini aliitoa kichwani ili niondoke, zile sita alizihesabu.

Kosa hilihili lina ndugu yake upande wa pili. Kazi imekwisha mapema, wewe ukaandika 100 ukaendelea na mambo mengine. Programu inachukua tarehe ya kumaliza iliyopangwa na kuifanya halisi, hata kama tarehe hiyo haijafika. Ndipo unakuta kazi "iliyokamilika" Ijumaa ijayo. Ukiona tarehe halisi iliyo mbele ya leo, usitafute mbali: kuna mtu aliandika 100 bila kujaza "Actual Finish".

Umeandika Septemba, mstari umekimbilia Aprili

Dakika mbili tu kwa hili, ingawa liliwahi kunila asubuhi nzima. Sisi tukiandika 4/9 tunamaanisha tarehe nne mwezi wa tisa. Kompyuta nyingi huja zikiwa zimepangwa kwa mtindo wa Marekani, mwezi ukitangulia, na Microsoft Project inafuata mpangilio wa Windows. Andika 4/9 hapo nayo itasoma tarehe 9 Aprili. Mstari utarukia miezi mitano nyuma, muda wa mradi utavimba, nawe utaanza kushuku viungo vya kazi, vile vinavyosema ipi inafuata ipi. Badilisha mpangilio wa eneo kwenye Windows uwe wa Kenya au Uingereza. Na kama kompyuta si yako, andika mwezi kwa herufi. Hatari kubwa zaidi ni tarehe kama 8/9 na 9/8: zinapokelewa kimya na hazirukii mbali kiasi cha kukushtua.

Kazi imebaki ndani ya siku zilizopita

Umeshaiona juu: tarehe 9 na 10 zilikuwa na kazi ambayo haikufanyika. Kwenye mradi wa mistari 300 huwezi kulisaka hili kwa macho. Chanzo ni kwamba programu haijui umesimama siku gani. Microsoft Project ina "Status Date" kwenye kichupo cha "Project"; usipoijaza, inatumia tarehe ya leo ya kompyuta. Kwa hiyo ripoti ya Ijumaa ukiiingiza Jumanne, hesabu inafanywa kana kwamba siku nne zile nazo zimeripotiwa.

Weka tarehe ya ripoti kwanza, kabla hujagusa kazi yoyote. Ukimaliza kuingiza tarehe halisi na siku zilizobaki, fungua "Update Project" na uchague kusogeza kazi isiyokwisha ianze baada ya tarehe hiyo. Ipo palepale kwenye dirisha, watu hawaisomi tu. Kila kilichobaki nyuma kitavukishwa upande wa pili. Tarehe ya mwisho wa mradi itaruka, na meneja atakuuliza umeharibu nini. Hujaharibu kitu. Ile ya kwanza ndiyo iliyokuwa mbovu.

Kwenye P6 jambo hili lina nidhamu zaidi. Kuna "Data Date", na unapobonyeza F9 kazi yote iliyobaki inapangwa kuanzia hapo. Ukisahau kuisogeza ndipo mambo yanapoharibika: unaingiza maendeleo ya wiki nzima, unabonyeza F9, na ratiba inaendelea kuamini kwamba bado ni Ijumaa iliyopita.

Kazi kubwa imekwisha, lakini kundi linasema asilimia 30

Hili huwaumiza wenye majengo. Mwenye jengo amepanda ngazi, amesimama juu ya slabu ya ghorofa ya tatu kwa miguu yake mwenyewe, kisha anafungua ripoti na kukuta "Slabu ya ghorofa ya tatu: 30%." Anadhani mmoja wenu ni mwizi.

Fungua kundi, yaani mstari unaojumlisha kazi ndogo zilizo chini yake, utazame ndani. Fomu za mbao, siku 6, zimekwisha. Kufunga chuma, siku 5, zimekwisha. Kumwaga zege, siku 1, imekwisha. Halafu kuna kumwagilia maji na kusubiri majibu ya vipande vya zege vya majaribio vya siku ya 28: siku 28, sifuri. Jumla siku 40, zilizokwisha 12. Kumi na mbili juu ya arobaini ni 30. Asilimia ya kichwa cha kundi katika Microsoft Project hupimwa kwa muda wa kazi zilizo ndani. Jasho halimo kwenye hesabu hiyo. Siku moja ya watu ishirini wakibeba karai inahesabiwa sawa na siku moja ya kijana mmoja na mpira wa maji.

Sasa jaribu kwa saa za kazi. Fomu: mafundi 4, siku 6, saa 8, jumla saa 192. Chuma: watu 4, siku 5, saa 160. Kumwaga: watu 20, siku moja, saa 160. Kumwagilia: mtu mmoja, saa moja kila siku, saa 28. Jumla 540, zilizofanyika 512. Hiyo ni karibu asilimia 95, na ndiyo itakayoonekana kwenye "% Work Complete" kama umewaandika watu kwenye kazi zao. Kama hujamwandika mtu yeyote, safu hiyo haina cha kuhesabu.

Ipi ni ya kweli? Zote mbili, kila moja inajibu swali lake. Mwenye jengo anataka kujua kazi, mhandisi anataka kujua lini anaweza kuendelea. Mimi ile kazi ya kusubiri huitoa nje ya kundi na kuipa mstari wake, na ugomvi unakwisha.

Kuna pia "Physical % Complete", unayoijaza kwa mkono kutokana na kilichopimwa: mita za mraba, idadi ya milango. Ni nzuri, ila haisogezi tarehe wala haipandi yenyewe hadi kwenye kichwa cha kundi. Nimewaona watu wakiijaza kwa uaminifu miezi mitatu, wakishangaa mistari haichezi.

Na zile siku 28, kwa kuwa tumefika hapo: zege haliendi kanisani Jumapili. Ukiandika "28d", programu inaruka wikendi zote na kukupa zaidi ya wiki tano. Andika "28ed", nayo itahesabu mfululizo, mchana na usiku.

Hakuna ucheleweshaji unaoonekana, na kila mtu anajua tumechelewa

Angalia kama kuna "Baseline", yaani msingi: nakala ya mpango iliyohifadhiwa. Bila hiyo programu haina kitu cha kulinganisha nacho, na safu za tofauti zitasoma sifuri au namba zisizoeleweka.

Ikiwepo, uliza ilihifadhiwa lini na mara ngapi. Nilikuta ofisi moja ambako kijana mwenye bidii alikuwa akiihifadhi upya kila Ijumaa baada ya kuingiza maendeleo, juu ya ile ya zamani, akidhani ni kama kuhifadhi faili. Mradi wao ulikuwa nyuma kwa wiki tano na haukuwahi kuchelewa hata siku moja kwenye karatasi. Microsoft Project inakupa nafasi 11 za msingi wa namna hiyo, ile ya kwanza na nyingine zenye namba 1 hadi 10. Ya kwanza, iliyokubaliwa na mwenye mradi, usiiguse. Mkikubaliana mabadiliko, weka nakala kwenye yenye namba. Na ukiongeza kazi mpya katikati, chagua mistari hiyo peke yake unapoihifadhi. Kuna kitufe cha kazi zilizochaguliwa ndani ya dirisha lilelile.

Kazi moja imechelewa, zinazofuata hazijasonga

Tazama safu ya "Task Mode". Ukiona alama ya pini, kazi hiyo imewekwa kwa mkono na haitasogezwa na jirani yake hata apatwe na nini. Tangu toleo la 2010 kazi mpya huja hivyo usipobadilisha, kwa hiyo ratiba nyingi zimejaa pini ambazo hakuna aliyezikusudia. Chagua zote, bonyeza "Auto Schedule", kisha ujiandae kwa mshtuko.

Sababu ya pili ni kinyume chake: kazi ilipaswa kurudi nyuma kwa sababu mwenzake amewahi, lakini imekataa. Hapo kuna mtu aliyeandika tarehe kwa mkono kwenye safu ya "Start". Kufanya hivyo kunatia sharti la "Start No Earlier Than" bila kukuuliza. Kialama kidogo kitatokea pembeni. Kiondoe, uunganishe kazi kwa viungo.

Sababu ya tatu haihitaji maelezo: kiungo hakipo kabisa.

Siku hazijumliki

Kalenda inayokuja na programu inafanya kazi saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, saa 8 kwa siku ukitoa saa moja ya chakula, na haijui kwamba kuna nchi iitwayo Kenya. Haijui Madaraka 1 Juni, wala Siku ya Mazingira 10 Oktoba, Mashujaa 20 Oktoba na Jamhuri 12 Desemba. Oktoba peke yake inakuibia siku mbili. Idd-ul-Fitr inategemea mwezi kuandama, na mara kwa mara serikali hutangaza siku ya mapumziko kwenye gazeti rasmi kwa taarifa fupi. Hizo huwezi kuzipanga mapema, lakini ziingize siku zinapotangazwa, la sivyo utaonekana umechelewa kwa siku ambayo lango la saiti lilikuwa na kufuli.

Kisha Jumamosi. Saiti nyingi hufanya kazi hadi saa saba mchana. Ukiiongeza kwenye kalenda, iongeze kwa saa zake halisi, usiifanye siku kamili. Na ukibadilisha saa za siku kwenye kalenda, nenda pia kwenye mipangilio ubadilishe saa ngapi zinaitwa "siku moja". Ukisahau, utaona kazi za siku 1.13. Maana yake ni saa 9 za kalenda zikigawanywa kwa 8 za mipangilio.

Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba siyaweki kwenye kalenda. Mvua inasimamisha kuchimba msingi, haisimamishi kufunga soketi ndani. Kazi za nje ninazipa kalenda yao.

Rangi imeanza kabla plasta haijaisha

Hutokea. Fundi wa rangi ameona chumba kimoja kimekauka, ameingia. Ratiba inasema rangi inafuata plasta, na sasa una tarehe halisi ya kuanza inayopinga kiungo. Microsoft Project inaikubali tarehe halisi, na kazi iliyobaki inaweza kukatwa vipande viwili. Kwenye P6 unachagua: "Retained Logic" inasimamisha kilichobaki cha rangi hadi plasta imalizike, "Progress Override" inakiacha kiendelee kana kwamba kiungo hakikuwepo. Ya kwanza ndiyo ninayoiacha. Ya pili inafurahisha ripoti. Lakini kama vyumba kweli vinakwenda kimoja baada ya kingine, kosa liko kwenye mpango wenyewe: gawa plasta na rangi kwa ghorofa, kila ghorofa na mstari wake.

Tisini ya kudumu

Wiki ya kwanza 70. Ya pili 90. Ya tatu 90. Ya nne 92, na hiyo 2 imetolewa kwa huruma.

Hapa programu haina kosa hata moja. Kuna sababu ambayo watu hawaisemi: mkandarasi mdogo analipwa kwa asilimia. Akisema 40, Jumamosi mafundi wake hawapati kitu. Akisema 90, anapata pesa, kisha anatafuta jinsi ya kuifikia hiyo 90. Ukimbana kwa namba anajitetea. Mimi ningefanya hivyohivyo.

Njia niliyoizoea ni kuzikata kazi ziwe fupi, zisizidi wiki mbili, na kuzipa daraja tatu tu: haijaanza ni sifuri, imeanza ni 50, imekaguliwa ikapita ni 100. Hakuna 90. Plasta ya jengo zima inakuwa plasta ya ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya malipo mnahesabu ghorofa. Kwa kazi fupi hivyo, kosa la ile 50 ni dogo na linajisahihisha wiki inayofuata.

Kwa zile ambazo hazikatiki, ninarudi kwenye lile swali la siku zilizobaki, na ninaandika jibu la kila wiki kwenye safu ya maelezo ili lisipotee. Jibu linatakiwa kupungua. Yule mzee wa Embakasi aliwahi kunijibu "sita" Ijumaa moja, na Ijumaa iliyofuata, kwenye WhatsApp, "sita" tena, na picha ya ukuta.

Sikugusa kompyuta. Nilipanda hadi ghorofa ya nne. Mafundi wawili walikuwa wamelala kivulini, karai limegeuzwa, mchanganyiko umekauka pembeni kama biskuti. Maji ya mfereji hayakuwa yamefika tangu Jumanne, na mapipa yalikuwa yakilia ukiyagonga.

"Mbona hukusema, mzee?"

"Uliniuliza plasta, injinia. Hukuniuliza maji."

Nikashuka, nikaongeza mstari mmoja juu ya plasta ya ghorofa ya nne: lori la maji, lita 10,000, siku moja. Nikauunganisha na plasta, kisha nikapiga simu kuliagiza.